Barua kwa Mwanangu: Habari ya Redio Niliyoiuza

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unauliza: “Baba, nikiushika Ukatoliki wangu kwa dhati sasa hivi, si ujana utanipita huku nimenuna?” Halafu pale chini, kama utani, unasema ofisini wanakuita Padri tangu ukatae bahasha ya mzabuni. Nikaona swali lenyewe limekaa kwenye hiyo bahasha.

Sijawahi kukusimulia habari ya redio. Nilikuwa mtunza stoo, umri kama wako. Siku moja nikasaini mifuko mia ya saruji, iliyoshushwa ikiwa tisini. Mleta mzigo akanipa changu, nikanunua redio kaseti ya spika mbili. Vijana wa mtaani walijaa kwangu kila jioni wakicheza. Mimi nilikaa karibu na mlango. Gari likisimama nje, moyo unapaa. Kwaya nikaiacha. Kitubio nikakikimbia karibu mwaka mzima, maana nilijua nitaambiwa nini.

Nilipokwenda hatimaye, Jumamosi moja ya Kwaresima, padre hakunifokea. Alinionya kwamba kilichoibwa hurudishwa. Nikaiuza redio, nikaongeza akiba yangu yote, nikampelekea bosi. Akanifukuza kazi siku ileile. Lakini usiku wa Pasaka, kengele zilipolia kwenye Utukufu, nilicheza mpaka shati likalowa, sina kazi wala redio. Mama yako alikuwa anaimba sauti ya kwanza. Anasema ndipo aliponiona.

Wewe una mtu wa kumshika mkono kuliko mimi. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, msomi wa sheria, aliyesikia Kiswahili kama sisi. Alikuwa mwanajumuiya wa Mtakatifu Egidio, chama cha walei Wakatoliki kilichoanzia Roma, na muda wake aliwapa watoto wa mitaani, akawasaidia wasome. Kazini alikagua bidhaa mpakani. Ikaletwa shehena ya chakula kilichoharibika, wenye mzigo wakataka kumhonga aipitishe, akakataa, kwa sababu watu wangekula kile chakula. Julai 2007 walimteka, wakamtesa, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, huko Roma. Nampenda kwa sababu hakuitwa jangwani. Jaribu lake lilimkuta kazini, kwenye mizigo na mihuri, kama lako.

Na ukidhani hao ni watu wa kununa, mtazame Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia: mpanda milima, mvuta kiko, na kundi lake la marafiki walijipa jina la kihuni kwa kujitania. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24. Kwenye mazishi familia yake tajiri ilishangaa kuona barabara imejaa maskini aliokuwa akiwasaidia kimyakimya. Papa Leo XIV alimtangaza Mtakatifu Septemba 2025, siku moja na kijana mwingine wa Italia, Carlo Acutis.

Kwa hiyo harusi ya Jumamosi nenda, ucheze. Usiwahubirie wenzako; ukiitwa Padri, itikia “Amina” na ucheke nao. Kitubio usikiache kupita mwezi, hata ukiona huna jipya la kusema. Kwenye jumuiya ndogondogo ya mtaani hudhuria, ingawa nakuonya: kijana mwenye mwandiko mzuri hapewi wiki mbili kabla hajafanywa katibu. Ukubali. Wale bibi wa jumuiya watakuombea kuliko unavyojiombea mwenyewe.

Kuhusu kazi, sitakudanganya kwamba hakuna atakayekuchukia. Wakikufukuza, chumba chako bado kipo, na kitanda nimekirekebisha mguu.

Mama yako anatuma mchele wa Kyela kwa basi la Ijumaa. Uwahi stendi, mara ile ya mwisho mzigo ulilala nje.

Baba yako