Wenyeji kukataa taka za nyuklia
Je, wenyeji wanaweza kuzuia taka za nyuklia, yaani taka zenye mionzi, zisizikwe kwao? Ndiyo, kuna nchi ambako wanaweza kukataa kabisa. Ufini, sheria ya nishati ya nyuklia ya 1987 inaipa halmashauri ya eneo kura ya turufu: ikisema hapana, serikali haina njia ya kuipita. Madiwani wa halmashauri ya Eurajoki, eneo lililopendekezwa kuzikwa taka, walipiga kura Januari 2000, 20 wakakubali na 7 wakakataa, ndipo Bunge likaridhia 2001 na baadaye pango la kuzikia taka hizo, Onkalo, likachimbwa. Ila tusisahau, pale tayari palikuwa na vinu vya nyuklia vya Olkiluoto vinavyoleta kazi na kodi, kwa hiyo ridhaa yao si kipimo cha kila mahali. Uswidi nako, halmashauri ya Östhammar iliulizwa kama taka zizikwe kwake, ikakubali Oktoba 2020.