Bumu limeisha, nyumbani wanadhani nalipwa mshahara

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 21, kwetu Ukerewe. Niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mwanza, nimepanga geto Malimbe na wenzangu wawili. Bodi ya Mikopo imenipa pesa ya chakula na malazi, elfu kumi kwa siku, na bumu la kwanza likaingia laki sita za siku sitini. Sijawahi kushika hela nyingi hivyo. Wiki ileile baba akapiga simu, injini ya mtumbwi imekufa, nikamtumia laki tatu na nusu. Kodi 75,000. Godoro, vyombo, nakala za masomo. Halafu, nisikufiche, 30,000 niliweka kwenye mkeka wa kubeti mpira nikitaka kurudisha, timu moja ikanichania. Nimebaki na 11,000 na bumu jingine ni kama siku 26 mbele. Usiku naenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kubeba magunia ya dagaa, asubuhi nalala. Nimekosa pindi nyingi za darasani na jaribio moja. Kwenye semina sifungui mdomo, Kiingereza kinanikimbia. Juzi baba mdogo naye kaomba elfu hamsini ya bati. Nyumbani nawaambia mambo safi. Nafikiria kuahirisha mwaka nirudi ziwani. Nifanyeje?*

*Mwana wa Visiwani*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi. Laki tatu na nusu ukigawa kwa elfu kumi ni siku thelathini na tano. Baba yako ametengeneza injini kwa siku zako thelathini na tano za kula, na mwenyewe hana habari. Yeye alichosikia ni kwamba mtoto yuko chuo na serikali inampa pesa. Nani alimwambia kwamba ni mkopo, tena kwa jina lako? Nani alimwambia kwamba siku ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe? Simlaumu mzee. Mtumbwi ukilala ufukweni nyumba nzima inalala njaa, na wewe umesomeshwa na mtumbwi huohuo. Ningekuwa na miaka 21 na laki sita kwenye simu, huenda na mimi ningetuma.

Lakini baba mdogo na bati zake angoje. Hilo halina mjadala.

Shida yako kubwa, naona, ni hayo "mambo safi" unayowaambia kila wakipiga. Umejivika cheo cha mwenye mshahara na sasa unaona haya kukivua. Kila simu ya nyumbani inakuwa ya kuomba, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia kwamba wewe nawe unakosa. Na ni ajabu, maana katika watu wote duniani baba yako ndiye angekuelewa upesi kuliko mtu mwingine. Mvuvi wa dagaa anavua siku za giza, taa zikiwaka juu ya maji. Mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu. Pesa ya giza ndiyo inayolisha mbalamwezi. Mvuvi anayekula yote gizani, mbalamwezi ikimkuta anaanza kukopa kwa tajiri wa mtumbwi, na akishakopa hapo sote tunajua anavyoishia. Sasa mweleze mzee hivyohivyo: "Baba, bumu ni giza langu. Likipita, nakaa karibu miezi miwili kwenye mbalamwezi. Nimekula giza lote wiki ya kwanza." Hutahitaji kueleza zaidi ya hapo.

Na usimwombe arudishe laki tatu na nusu, hana. Mwombe chakula. Ndoo ya dagaa wakavu na kiroba cha udaga wa muhogo vikipakiwa kwenye meli ya Nansio unavipokea bandarini Mwanza, na nyie watatu mnakula wiki kadhaa mkichanga mkaa na nyanya tu. Kwa muda mrefu mzigo umekuwa ukitoka kwako kwenda kisiwani. Safari hii ugeuke. Wenzako wa geto nao waambie ukweli leo usiku. Watoto wa mwaka wa kwanza mna tabia moja inanichekesha na kunisikitisha: watu watatu chumba kimoja, kila mmoja anapita kwa mama ntilie peke yake akinunua sahani ya elfu mbili, na sufuria mpya iko chini ya kitanda bado ina karatasi ya dukani.

Mwaloni sikukatazi, kazi ya halali haina aibu. Ila iwe Ijumaa na Jumamosi basi. Kutoka Malimbe hadi Kirumba ni kuvuka mji mzima, unarudi alfajiri unanuka dagaa, nauli imekula sehemu ya kibarua, pindi la asubuhi limekupita. Ukihesabu hivyo, gunia hilo unalibeba kwa hasara.

Jaribio ulilokosa, usingoje matokeo yabandikwe. Nenda kwa mhadhiri wiki hii, mweleze kwa heshima, bila kujitungia msiba. (Kuna bibi za wanafunzi wa Tanzania waliokwishazikwa mara nne, na wahadhiri wanazo tarehe.) Anaweza kukataa. Hata hivyo umeonekana sura, na majaribio mengine yapo. Ukikaa kimya unakwenda kwenye mtihani wa mwisho alama zako za ndani zikiwa nusu tupu, na hapo ndipo watu wanapoanza kuzungumza habari za sapu, yaani kurudia mtihani, na kudisko, yaani kuondolewa chuo. Ukitoka kwa mhadhiri, pitia ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Wengi wenu mnadhani ile ofisi ni ya kesi na adhabu. Mwanafunzi anayelala njaa ni kazi yake pia.

Kuahirisha mwaka ni jambo lenye utaratibu wake: unaomba kwa maandishi, unataja sababu, unangoja kibali. Ukiwa nje, bumu hulipati. Kwa hiyo utakuwa ziwani, bila pesa, na njaa ileile uliyoikimbia. Mgonjwa au aliyefiwa ningemwambia aahirishe. Wewe umeishiwa hela kwa siku 26 tu.

Kiingereza kisikunyime usingizi. Umekisoma kwa kuandika miaka yote ya shule, cha kusema hukupewa nafasi, na nusu ya hao unaowaogopa wako kama wewe. Andika swali moja usiku, lisome mara tano kwenye kimbweta, pale mnapokaa kujisomea nje, uliulize dakika za mwanzo za semina kabla moyo haujaanza kudunda. Wiki inayofuata swali jingine.

Mkeka, futa kwenye simu. Ulisema ulitaka kurudisha. Hata hao wenye timu zao hawarudishi.

Bumu lijalo likiingia, lipa kodi kwanza, halafu gawa kilichobaki kwa wiki tisa na kila wiki uiweke mahali pa kutoa kwa shida. Ukitaka kumkumbuka mama, tenga elfu kumi, na umwambie ni zawadi.

Simu ya baba usimpigie ovyoovyo. Angalia mwezi. Siku za giza atakuwa anahangaika na taa na mafuta, atakujibu "sawa, sawa" akate. Ngoja mbalamwezi, jioni, akiwa ameketi na wavu miguuni.