Gari dogo Namibia: ukodi au usikodi?

Ndugu, umeuliza kama gari dogo la bei nafuu litakufikisha kwenye matuta ya mchanga ya Sossusvlei kutoka Windhoek, mji mkuu, na kisha Swakopmund, mji wa pwani. Litafika, ila mimi ningeongeza hela nichukue gari lililoinuka, lenye spea tairi mbili. Njia hiyo sehemu kubwa ni changarawe, na pancha ni jambo la kawaida kabisa.

Tatizo kubwa si mashimo, ni mwendo. Barabara ni pana, imenyooka, haina watu, unajikuta unakanyaga mafuta bila kujua. Halafu inakuja kona au mchanga laini, unashika breki kwa nguvu, gari linabingirika. Kampuni nyingi za kukodisha zinataka usizidi kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe, na baadhi hufunga kifaa cha kukufuatilia. Wala usiendeshe usiku, wanyama hukatiza ghafla.

Mkataba usome mpaka mwisho. Bima ya kawaida mara nyingi hailipi tairi, kioo cha mbele wala uvungu wa gari, na ukianguka mwenyewe bila kugongana na mtu huenda gharama yote ikawa yako. Piga picha kila mkwaruzo kabla ya kuondoka, na uhakikishe jeki ipo na inafanya kazi.

Mafuta jaza Solitaire, kituo kidogo njiani, au Sesriem, penye geti la kuingilia Sossusvlei, hata kama tangi lina nusu. Kutoka Sesriem kwenda Sossusvlei kuna lami kilomita 60 hivi, kisha kilomita 5 za mchanga mtupu. Hapo gari dogo liache maegeshoni, upande gari la abiria la kulipia linalopatikana palepale.