Kumzunguka Farasi Mweupe wa Uffington: maswali yenu

Wiki mbili zilizopita niliutaja mzunguko ninaoupenda kuliko yote hapa Uingereza. Unaanzia maegesho ya kilima cha White Horse, Oxfordshire, unapita kwenye farasi wa kale aliyechorwa ardhini, unateremka hadi kijiji cha Woolstone, unashika njia za mashambani hadi Compton Beauchamp, kisha unapanda hadi kaburi la Wayland's Smithy na kurudi kwa njia ya Ridgeway. Ni kilomita 9 hivi. Maswali yamekuja mengi, nimechukua haya.

Kaka, ramani inaonyesha njia inakatiza katikati ya shamba la mtu. Sisi weusi tukionekana humo si tutaitiwa polisi? (Mama wa watoto wawili, Reading)

Dada yangu, swali hili limeniuma, maana najua wengi wanabaki nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Njia ya umma inayopita shambani ni haki ya kila mtu, awe raia au mgeni, na mwenye shamba haruhusiwi kuifunga. Hata akiilima, sheria inamtaka airudishe ipitike. Tazama vibao kwenye nguzo: mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu, wapanda farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Kwenye ramani ya Ordnance Survey namba 170, njia hizi zimechorwa kwa vistari vya kijani. Wajibu wako ni kutotoka njiani, na kila geti uliache ulivyolikuta. Mkikuta ng'ombe wenye ndama, wapitieni mbali, msikatize kati ya mama na mwanawe, wala msikimbie.

Mara yangu ya kwanza pale Woolstone nilisimama getini muda mrefu, mkono juu ya komeo, kana kwamba kuna mtu angekuja kunikaribisha. Akatokea mzee na mbwa wake, akanishikia geti, akanisalimia, akaenda zake. Tangu siku hiyo sijasimama tena. Wapeleke watoto, dada.

Nilipanda hadi juu nikaona mistari myeupe tu kwenye nyasi. Farasi mwenyewe yuko wapi? (Msomaji, Leicester)

Ulikuwa umesimama karibu naye mno. Ana urefu wa mita 110 hivi, na amelala kwenye mteremko kiasi kwamba ukiwa kilimani unaona mguu, au jicho na mdomo, basi. Umbo lake linajikusanya ukiwa mbali, kule bondeni upande wa kaskazini, au angani. Kwa nini walimchora mahali ambapo mchoraji mwenyewe hamwoni? Nimelitafakari sana hilo na bado linanivuta kurudi.

Umri wake ulipimwa miaka ya 1990 kwa kuangalia udongo wa chini ya mistari uliona jua mara ya mwisho lini. Majibu yakaangukia kati ya 1380 na 550 kabla ya Kristo. Lakini hakuchorwa mara moja akaachwa. Ni mitaro iliyojazwa chaki, yaani jiwe jeupe laini, na isipotunzwa nyasi huifunika. Kwa hiyo kwa karibu miaka 3,000 watu wamekuwa wakirudi kumsafisha, kizazi kwa kizazi. Siku hizi National Trust, shirika linalotunza maeneo ya kale, huita watu wa kujitolea wakati wa kiangazi. Nilienda mwaka mmoja. Unapewa nyundo ndogo na ndoo ya chaki, unapiga magoti, unayaponda mabonge hadi yawe kama unga uliolowa, kisha unaushindilia. Hadi jioni, weupe ule ulikuwa umeniingia kwenye mistari ya viganja. Tafadhali, msimkanyage.

Ukiwa pale usikose kilima kidogo cha chini chenye kichwa bapa, Dragon Hill. Kileleni kuna kipara kisichoota nyasi, na wenyeji husimulia kwamba ndipo damu ya joka ilipomwagika Mtakatifu George alipoliua.

Shikamoo kaka. Nataka kwenda Desemba, sina gari. Na nitaswali wapi? (Mwanafunzi, Oxford)

Marahaba mdogo wangu. Panda treni hadi Swindon, kisha teksi; changeni wanne. Desemba jua huzama kwenye saa kumi jioni, kwa hiyo saa nne asubuhi uwe umeshaanza kutembea, na adhuhuri ikukute juu. Ndani ya boma la kale lililo juu ya farasi, lenye tuta na handaki kuzunguka, kuna uwanja mpana wa nyasi. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki. Chukua mkeka usiopitisha maji, na simamisha begi mbele yako, maana upepo wa pale hupeperusha kila kitu.

Viatu gani?

Buti zenye meno. Chaki ikilowa huteleza kama sabuni.

Mama mkwe amekuja kutoka Tanga, magoti yanamsumbua. Tumwache nyumbani? (Mkwe, Swindon)

Hapana, mpelekeni. Asiteremke Woolstone tu. Kutoka maegesho shikeni Ridgeway kuelekea magharibi hadi Wayland's Smithy, kilomita 2 hivi bila mlima mkali, mkipumzika anapotaka. Ni kaburi la kale kuliko farasi, lenye mawe marefu mlangoni na miti mikubwa pande zote. Wachimbaji walikuta humo mifupa ya watu 14 katika sehemu yake iliyojengwa kwanza. Mwambieni hadithi yake: ukimwacha farasi wako pale usiku na sarafu ya fedha, asubuhi unamkuta mhunzi asiyeonekana ameshampigilia viatu. Ila sarafu zenu zibaki mfukoni. Watu huzichomeka kwenye nyufa za mawe, na mawe yanaumia.