Jengo la kikapu ni la kweli
Unauliza kama picha ile ya jengo lenye umbo la kikapu kikubwa imetengenezwa kwa kompyuta. Sivyo, mwanangu. Jengo hilo la kikapu lipo Newark, jimbo la Ohio, Marekani: ghorofa saba, lilifunguliwa 1997 likiwa makao makuu ya Longaberger, kampuni ya vikapu. Mimi ni msukaji hapa Lamu, nimelikazia macho sana. Vikapu vyetu ni ukili, yaani ukanda uliosukwa, wa miyaa (majani ya mkoma), unaozungushwa na kushonwa. Ukuta ule umeigiza vipande bapa vya mti vinavyopishana, juu chini, juu chini, ndivyo Longaberger walivyosuka vikapu vyao. Na vile vishikio viwili vya juu viliwekewa joto ili barafu isigande wakati wa baridi. Kazi ya fundi hiyo! Ila kampuni ilihama 2016, ofisi zao hazimo tena.