Carina inakunywa maji, nifungue hedi mwenyewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Carina ya 1998, injini 7A, naishi Kimara. Mwezi sasa kila nikikaa foleni pale Ubungo mshale wa temprecha unapanda, nikifika home naongeza maji karibu lita nzima na chini hakuna hata tone. Asubuhi ikiwaka inamisi kidogo na kutoa moshi mweupe alafu inakaa sawa. Fundi wa mtaani kasema gasketi ya silinda hedi imeungua, hela anayotaka sina. Spana ninazo, uwani nafasi ipo, Jumatatu naanza likizo ya wiki mbili. Naweza kufanya mwenyewe? Jamaa wa dukani yeye ananiambia nimwage tu dawa ya kuziba kwenye rejeta, eti imeisha hiyo.
Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kufanya unaweza, ila usifungue hata bolti moja kabla hujahakikisha. Dalili zako zinaelekea kwenye gasketi kweli (ile shiti inayobanwa kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, mwili wake), maana Dar sio Njombe, asubuhi yetu haina baridi ya kusingizia moshi mweupe. Lakini pima. Gari likiwa limelala usiku mzima, baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, chukua glovu ya hospitali uifunge kwenye mdomo wa rejeta kwa raba (zamani tulitumia rambo, tangu Juni 2019 hazipo tena), alafu washa. Ikijaa ndani ya dakika moja na inacheza kwa mapigo ya injini, basi moto wa silinda unaingia kwenye maji na hapo hakuna ubishi. Ikibaki imelala, tafuta mtu mwenye geji ya kompresheni (inayopima mgandamizo ndani ya silinda), silinda mbili zilizopakana zikisoma chini pamoja ujue gasketi imekatika katikati yao. Na usije ukafungua huo mfuniko injini ikiwa ya moto, maji yaliyobanwa mle yana moto kupita nyuzi 100 na yanaruka usoni.

Dawa ya kuziba achana nayo. Inaziba na vijia vyembamba vya rejeta, alafu utarudi kwangu na shida mbili.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kwanza yote ni kufungua na kupiga picha, piga picha kila waya na kila paipu kwa simu, usiamini kichwa chako, mi nina miaka kwenye hii kazi na bado napiga. Chomoa betri, mwaga maji, zungusha puli ya krenki mpaka alama isome 0 pistoni ya kwanza ikiwa juu, weka alama za tipeksi kwenye mkanda wa taimingi na gia. Kwenye 7A lazima kemu (shafti zinazosukuma valvu) zitoke ndo uzione bolti za hedi. Hapo wengi wanaumbuka: gia moja ya kemu ina sahani mbili zenye springi katikati, usipozifunga pamoja na kibolti cha milimita 6 kabla hujatoa, meno yanapishana na kurudisha inakua mtihani. Kinachokupa unafuu ni kwamba injini hii taimingi ikiruka valvu hazigongi pistoni, kwaiyo ni ya kujifunzia.

Bolti za hedi ni 10, vichwa vyake vina pembe 12. Soketi ya pembe 6 iache kwenye boksi, itavitafuna. Zilegeze kidogokidogo kuanzia za pembeni kuja katikati, injini ikiwa baridi, ukianzia katikati unaipinda hedi kwa mikono yako mwenyewe. Urefu wake haulingani, kwaiyo chukua kipande cha boksi, toboa matundu 10 kwa mpangilio wa hedi na kila bolti ichomeke kwenye tundu lake.

Gasketi ikishatoka itazame vizuri kabla ya kuitupa. Pale ilipoungua utaona mstari mweusi umevuka ile ringi ya chuma kwenda kwenye tundu la maji, na pistoni ya silinda hiyo mara nyingi inang'aa kuliko wenzake maana imekua ikioshwa na mvuke.

Hedi usiirudishe bila kuipima. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, pitisha fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Mwisho ni milimita 0.05, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi, jicho haliwezi kuona hiyo. Na gari iliyochemsha mwezi mzima? Mi ningeibeba tu moja kwa moja Gerezani, pale Kariakoo, wenye mashine wakaicheki nyufa na kuisaga, na hapohapo ununue gasketi na mpira wa valvu. Hiyo ndo hela usiyoweza kuikwepa.

Uso wa bloku usafishe kwa kikwangulio cha plastiki au mti, taratibu, usiguse grenda. Alafu matundu ya bolti, haya nakuomba uyaheshimu. Mi niliwahi kufunga hedi Tabata, jua linazama na mwenye gari kasimama kichwani, tundu moja lilibaki na maji chini sikuliona, nikakaza, nikasikia tak. Bloku imepasuka. Maji hayabanwi, bolti ikishuka yanatafuta pa kutokea. Nilinunua ile bloku mimi. Kwaiyo nyonya kila tundu kwa sirinji, malizia na kitambaa juu ya bisibisi.

Gasketi inawekwa kavu, bila silikoni. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza): Nm 29 zote, weka nukta ya rangi kila kichwa, zungusha nyuzi 90 (robo duara) zote, alafu 90 tena. Spana hiyo kama huna azima, mafundi watakuambia mkono umezoea, na hiyo mikono iliyozoea nimeona ikirudishiwa gari wiki ileile.

Ukishafunga kemu na mkanda, zungusha krenki kwa spana raundi mbili na alama zirudi palepale ndo uguse swichi. Oili na filta mpya.

Alafu jiulize kwanini iliungua. Feni inawaka ukiwa foleni? Rejeta imeziba? Temostati (valvu inayoruhusu maji kwenda rejeta injini ikipata moto) ipo, au kuna fundi aliing'oa? Usipojibu hayo, Krismasi utaifungua tena.

SWALI: Fundi, nipo Mbagala, kwenye rejeta natumia maji ya kisima chetu, yana chumvi kidogo tu. Kuna shida?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ipo kubwa. Hedi yako ni ya alumini, chumvi inaila taratibu kuzunguka matundu ya maji mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Mwaga, suuza mara mbili tatu kwa maji yasiyo na chumvi, weka kulenti (maji maalumu ya rejeta). Bei ikikushinda wiki hii, kinga hata ya mvua kwa sasa.