Fundi umeme unapohamia darasa la Kiingereza

Ukitoka karakana kwenda kufundisha Kiingereza, usiiache karakana mlangoni. Nilifanya kazi ya umeme wa viwandani kabla ya kushika chaki, na kwa fundi au mhandisi anayeifikiria njia hii nasema: fundisha Kiingereza kinachodaiwa na kazi, kwa maandishi ya kazi yenyewe.

Hapa Tanzania wanafunzi wengi wa ufundi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wakakutana na Kiingereza karibu katika kila somo. Wanayoyajua kwa mikono ni mengi kuliko wanayoweza kuyasema. Waletee kibati cha mota: volti 400, hezi 50, kilowati, mizunguko kwa dakika. Wakieleze kwa sentensi kamili. Hata mkimya atajaribu, maana jambo lenyewe analijua.

Sarufi ipange kwa uzito wake kazini. Mimi huanza na sentensi za kuamuru, pamoja na before, after, until na unless. Chukua hii: "Do not start the pump unless the suction valve is open." Anayesoma unless kana kwamba ni if atawasha pampu vali ikiwa imefungwa, na pampu ikizunguka bila maji sili zake huungua. Mwanafunzi akiliona hilo, halisahau.

Watu wa ndege walilishughulikia jambo hili mapema. Tangu miaka ya 1980 wana kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa kwa vitabu vya matengenezo, leo zikiitwa ASD-STE100: sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, na neno lishike maana moja. Zoezi ninalolipenda kuliko yote limetoka humo. Nawapa aya ndefu ya kitabu cha mashine, waikatekate hadi kila sentensi itimize kanuni hiyo, kisha mwenzao afuate hatua hizo kwa vitendo. Akikwama, wanarudi kuandika upya.

Kishawishi kitakuwa kuanza kufundisha umeme. Wakiuliza kwa nini breka, ile swichi ya usalama, inajizima na kukata umeme, waache waelezane wao kwa wao, kwa Kiingereza, wewe usikilize.

Na ualimu usomee. Kozi ya CELTA, cheti cha kufundisha Kiingereza, kwa mfano, ina saa 120 pamoja na kufundisha ukitazamwa. Ada ikikushinda, omba kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu muhula mzima, upime yeye anaongea kiasi gani na wanafunzi kiasi gani.